UZI: Dirk Nowitzki, mrefu aliyekataa kukaa chini ya ringi

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeukalia muda mrefu, leo nauleta. Unamhusu Dirk Nowitzki, Mjerumani aliyecheza kikapu Dallas, kwenye ligi ya Marekani ya NBA, misimu 21 hadi alipostaafu mwaka 2019. Sitapita mechi moja moja. Nina jambo moja la kusema: huyu bwana aliwatoa watu warefu chini ya ringi, na aliyemfikisha hapo ni mzee mmoja ambaye hakuwa hata kocha wa timu yake.

Kwa nini linanigusa? Kidato cha pili nilikuwa tayari na sentimita 191. Mwalimu wa michezo aliniona mlangoni tu akasema, "wewe namba tano." Hakuniuliza kitu. Kazi yangu ikawa kusimama chini ya ringi, kunyoosha mikono, nikidaka ribaundi, yaani mpira unaorudi shuti likikosa, nimpe mfupi akimbie nao. Siku niliyojaribu kushuti kutoka pembeni nilitolewa nikakaa benchi hadi mwisho. Miaka miwili nilicheza hivyo na sikuwahi kufundishwa namna ya kushika mpira wa kushuti.

Mwaka 2002 jamaa yetu mmoja alirudi kutoka masomoni na kanda ya video yenye mechi za Dallas Mavericks. Nikamwona mzungu wa mita 2.13, mwembamba, nywele ndefu zinaruka ruka, amesimama nje kabisa ya mstari wa pointi tatu. Akapewa mpira. Nikasema huyu sasa hivi anatolewa nje. Akashuti, ikaingia bila kugusa chuma. Tulirudisha nyuma kanda ile mpaka picha ikaanza kukwaruza.

Naendelea kwa vipande, mnivumilie.

#2 Mdau wa Mwanza

Siti ya mbele kabisa mkuu. Shusha.

#3 Mleta uzi

Tuanzie kwao. Dirk alizaliwa tarehe 19 Juni 1978 Würzburg, mji wa Bavaria ulio kando ya mto Main. Familia ilikuwa na kampuni ya kupaka rangi majumba, na Dirk mwenyewe alishika brashi akiwa kijana. Nyumba nzima ilikuwa ya wanamichezo. Baba yake, Jörg-Werner, alicheza mpira wa mikono. Mama yake, Helga, alicheza kikapu na aliichezea Ujerumani. Dada yake naye alicheza kikapu.

Dirk hakuanza na kikapu. Alianza na mpira wa mikono na tenisi, na inasemwa kwenye tenisi alikuwa mzuri kweli. Ila urefu ulimzidi umri, wenzake wakawa wanamcheka, na kikapu kikampa mahali ambapo urefu si kituko.

Sasa anaingia mzee wetu, Holger Geschwindner. Huyu aliwahi kuwa nahodha wa Ujerumani kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na kichwani alikuwa mtu wa hesabu na fizikia. Miaka ya 1990 katikati alikuwa anakaribia hamsini, bado anacheza na wakongwe wenzake. Siku moja akaona mechi ya vijana kabla ya mechi yao. Kuna mtoto mrefu anafanya mambo sahihi uwanjani kama mtu aliyefundishwa. Akamfuata, akamuuliza nani anakufundisha. Jibu: hakuna mtu.

Mzee akajitolea kumfundisha. Baada ya muda akampa Dirk uamuzi: unataka kuwa staa wa hapa nyumbani, au unataka kucheza na walio bora duniani? Kama ni la kwanza tuache leo, kwa sababu hilo hakuna wa kukuzuia. Kama ni la pili, tunafanya mazoezi kila siku. Dirk alirudi kwao akatafakari siku mbili, akarudi na jibu.

Hapo hakuahidiwa mkataba, pesa wala Marekani. Aliahidiwa mazoezi.

#4 Mdau wa Morogoro

Mkuu nimewahi kusikia huyo mzee alipiga hesabu za shuti la Dirk kwenye karatasi. Ni kweli au ni hadithi za vijiweni?

#5 Mleta uzi

Ni kweli, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo.

Ringi ina upana wa sentimita 45. Mpira una kama sentimita 24. Ukiutazama mlango huo kutoka juu, unaona nafasi tele, karibu mipira miwili inapita. Lakini mpira hautoki juu moja kwa moja, unakuja kwa mshazari. Kadiri unavyokuja chini chini, ndivyo mlango unavyosinyaa machoni pa mpira. Ukiingia kwa nyuzi 45, mlango unaouona mpira ni kama sentimita 32. Ukiingia kwa nyuzi 30 ni sentimita 22 na nusu, yaani mdogo kuliko mpira wenyewe! Hapo hauingii bila kugonga chuma.

Swali la Geschwindner lilikuwa hili: mtu wa urefu huu, mwenye mikono hii, ashuti kwa tao gani ili hata akikosea kidogo kwa vidole, mpira bado uingie? Akatafuta jibu kwa hesabu, halafu akamjengea Dirk shuti kutoka kwenye jibu hilo. Ndiyo maana shuti la Dirk lilikuwa linapanda kama linakwenda kugonga paa kisha linashuka kwa upole. Halikuwa shuti la kuigwa kwa mtu. Lilikatwa kwa kipimo chake, kama fundi cherehani anavyokata kanzu ya mtu mmoja.

Na mazoezi yenyewe hayakuwa ya kawaida. Alimnyima vyuma vya kubeba, hakumkaririsha mbinu. Ilikuwa ni kushuti, kutoa pasi, kukaa kwenye mizani ya mwili, miguu na mapigo. Kuna rafiki yao mpiga saksafoni alikuwa anapuliza wakati wa mazoezi ili vijana wacheze kwa kufuata mdundo. Alimsomesha vitabu pia, na alisimamia shule isiachwe. Ukumbi wao ulikuwa Rattelsdorf, mahali padogo tu. Na hata baada ya kuwa milionea, kila kiangazi Dirk alirudi kwenye ukumbi ule ule, kwa mzee yule yule. Mwalimu mmoja wa shuti, miaka zaidi ya 20.

#6 Mdau aishiye Ujerumani

Nawasalimu kutoka huku. Nathibitisha alichosema mleta uzi. Niongeze tu kwamba Würzburg ni mji wa mashamba ya zabibu, una ngome kubwa mlimani, na ndiko Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwaka 1895. Dirk alisoma sekondari yenye jina la huyo Röntgen. Na mchezaji mwingine wa Würzburg, Maxi Kleber, alikuja kucheza naye Dallas kwenye misimu yake miwili ya mwisho. Mji mdogo kiasi kile kutoa wawili timu moja ya NBA si jambo dogo.

Huku mechi za fainali zinaanza saa nane usiku na kuendelea. Mwaka 2011 nilikuwa na zamu ya asubuhi kazini na sikulala.

#7 Mleta uzi

Ahsante ndugu yangu. Hilo la kutolala tutakutana nalo mbele.

Dirk aliingia timu ya wakubwa ya DJK Würzburg mwaka 1994, timu ikiwa daraja la pili. Walihangaika kupanda, wakapanda mwaka 1998. Katikati hapo akapitia jeshi, maana enzi hizo Ujerumani bado ilikuwa lazima. Dunia ilimjua tarehe 29 Machi 1998, San Antonio, kwenye mechi ya vijana bora wa dunia dhidi ya vijana bora wa Marekani. Alifunga pointi 33 na ribaundi 14, na timu ya dunia ikashinda. Watu wa vyuo vya Marekani walikuwa wanaulizana huyu ametoka wapi.

Usiku ambao timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, Juni 1998, Milwaukee walimchagua wa 9, lakini ilikuwa kwa makubaliano. Dallas walikuwa wamemchukua Robert Traylor wa 6, wakambadilisha na Dirk pamoja na Pat Garrity. Garrity huyo wakampeleka Phoenix kwenye biashara iliyomleta Steve Nash. Kwa hiyo katika usiku mmoja Dallas walipata watu wawili ambao wote baadaye walikuwa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi. (Traylor hakupata maisha marefu, Mungu amrehemu. Alifariki Mei 2011, mwezi mmoja kabla ya Dallas kuchukua ubingwa.)

Jambo dogo lakini tamu: nyumbani Dirk alivaa jezi namba 14. Kufika Dallas akakuta 14 ina mwenyewe, Robert Pack. Akaigeuza, ikawa 41.

Msimu wa kwanza ulikuwa mateso. Wamiliki walikuwa wamefunga ligi kwa mgogoro wa mikataba, msimu ukakatwa ukabaki mechi 50. Kocha Don Nelson alikuwa ameshamtangaza kuwa atakuwa mchezaji chipukizi bora. Kijana wa miaka 20, mgeni, mbavu zinahesabika, akabakia na wastani wa pointi 8.2. Mashabiki wakaanza kumwita "Irk", wakitoa ile D ya mwanzo, wakimaanisha hana difensi. Alifikiria kurudi kwao. Nash alikuwa naye anapondwa msimu huo huo, wakawa marafiki, usiku wanarudi ukumbini wawili kushuti.

Msimu wa pili pointi 17.5. Wa tatu 21.8, na Dallas wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1990. Kuanzia hapo hakushuka.

#8 Mdau wa Tabata

Mleta uzi unaandika vizuri lakini tuwe wakweli. Ubingwa mmoja. Misimu 21, ubingwa mmoja! Tim Duncan wa San Antonio ana mitano. Na 2007 alitolewa na timu ya nane. Mimi namheshimu, ila tusimpandishe alipo wakubwa.

#9 Mleta uzi

Mkuu nakujibu kwa heshima, kwa sababu hoja yako ina uzito na nisingeandika uzi huu nikaikwepa. Bila 2006 na 2007 hadithi hii haina mwili.

2006 kwanza. Nash ameshaondoka tangu 2004. Dallas chini ya Avery Johnson wanawatoa San Antonio, mabingwa watetezi, mechi ya saba kwao San Antonio. Pointi zilizowaokoa ni Dirk kuvamia ringi, akafunga huku Ginobili akimfanyia madhambi, ikaenda muda wa nyongeza. Raundi iliyofuata akaipiga Phoenix ya Nash pointi 50 kwenye mechi moja. Fainali na Miami wakaongoza 2-0. Mechi ya tatu walikuwa mbele kwa zaidi ya pointi kumi robo ya nne, wakaipoteza. Dwyane Wade akageuka moto, Miami wakashinda nne mfululizo. Miaka mingi baadaye Dirk alikuwa hapendi hata kuitazama fainali hiyo.

2007 mwaka uliofuata. Dallas wanashinda mechi 67 kati ya 82. Dirk anamaliza msimu na asilimia 50.2 ya mashuti, 41.6 ya pointi tatu na 90.4 ya mitupo huru. Halafu wanakutana na Golden State, waliomaliza wa nane, wakiwa na kocha nani? Don Nelson, yule yule aliyemleta Dirk Marekani, anayejua kila kona ya mchezo wake. Nelson akamwekea watu wafupi wenye mwendo, Stephen Jackson na wenzake, wanamganda kiunoni asipate nafasi ya kuteremsha mpira. Mechi ya sita Dirk alitupa mara 13, zikaingia 2. Wakatolewa. Kwa hasira alirusha pipa la taka likatoboa ukuta wa ukumbi.

Kisha, siku chache baadaye, akatangazwa MVP. Wa kwanza aliyezaliwa na kukuzwa kimchezo Ulaya. Fikiria unaitwa mbele ya kamera kupokea tuzo ya mchezaji bora wa ligi, na timu yako ipo nyumbani. Yule aliyesimama pale hakuwa na uso wa mshindi.

Alikwenda Australia na Geschwindner, wiki kadhaa za kuzunguka nyikani, ndevu na nywele zikaachwa zikue. Aliporudi, akarudi Rattelsdorf. Na hapo ndipo nataka utazame, mkuu wa Tabata. Golden State walikuwa wameonyesha dunia nzima namna ya kumkaba: mpe mfupi mwenye nguvu amsukume. Dirk akaitafutia dawa. Akaboresha lile shuti la kurudi nyuma kwa mguu mmoja, goti la pili limeinuliwa mbele linamsukuma mkabaji mbali. Akisimama vile ni kama heroe wa Ziwa Natron. Mfupi hafiki, mrefu anafika amechelewa. Leo Durant analipiga, LeBron amelipiga, Kobe alilichukua. Shuti hilo lilizaliwa kwenye aibu ya 2007.

#10 Mdau wa Mwanza

Hapo kwenye heroe nimemwona kabisa. Endelea 2011 mkuu, usituache njiani.

#11 Mleta uzi

2011.

Dallas hawakupewa nafasi na mtu yeyote. Dirk ana miaka 32. Jason Kidd ana 38. Shawn Marion, Peja Stojakovic, Jason Terry, wote watu wazima ambao hawajawahi kuonja ubingwa. Caron Butler ameumia goti tangu Januari. Tyson Chandler ndiye ukuta, J.J. Barea ndiye mfupi kuliko wote. Kocha Rick Carlisle.

Wakawatoa Portland. Wakawafagia Lakers, mabingwa watetezi, 4-0, mfululizo wa mwisho wa Phil Jackson kama kocha. Fainali ya magharibi, mechi ya kwanza na Oklahoma City, nawaomba hii muitafute muitazame nzima. Dirk alifunga pointi 48. Alitupa mashuti 15, yakaingia 12. Mitupo huru 24, ikaingia 24. Walimpangia Serge Ibaka, Mkongo wa Brazzaville aliyekuwa miongoni mwa wazuiaji bora wa mashuti ligi nzima. Wakampangia Collison. Wakampangia Durant. Hakuna aliyekosea kumkaba, walikuwa juu yake kila mara. Mpira tu ulikuwa unatoka juu ya mikono yao.

Kisha Miami tena. Wade yuleyule, sasa ana LeBron na Bosh pembeni. Mechi ya kwanza Dallas wakapoteza, na Dirk akachanika mshipa wa kidole cha kati, mkono wa kushoto. Mechi ya pili, dakika saba zimebaki, Miami 88, Dallas 73. Wade akafunga pointi tatu akasimama mbele kabisa ya benchi la Dallas akijionyesha. Kuanzia hapo Dallas walifunga 22, Miami 5. Dirk alifunga pointi 9 za mwisho za timu, na bao la ushindi aliliweka kwa mkono gani? Wa kushoto. Wenye kidole kilichochanika. 95-93.

Mechi ya nne aliamka na homa inayozidi nyuzi 38. Picha za benchi zinamwonyesha amejifunika taulo, anakohoa. Akacheza, akafunga 21, wakashinda 86-83.

Mechi ya sita ilikuwa tarehe 12 Juni Miami, kwetu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 13. Nilikuwa nimepanga chumba cha nje, sauti ya televisheni nimeizima ili nisiamshe watu. Kipindi cha kwanza Dirk alitupa mara 12, ikaingia moja. Moja! Nilikumbuka 2007 nikahisi tumbo linakatika. Terry akaibeba timu, alimaliza na 27. Robo ya nne Dirk akarudi, akafunga 10. 105-95.

Na saa ikiwa haijafika sifuri, Dirk akaruka meza ya waamuzi akakimbilia chumba cha kubadilishia nguo. Alikwenda kulia. Ilibidi mtu wa klabu amfuate kumbembeleza arudi kupokea kombe. Alisema baadaye hakutaka watu wamwone katika hali ile. Mimi niliona mgongo wake unapotea kwenye korido, na nililia pale kitandani na sauti nimeizima.

Ndiyo maana sihesabu ubingwa kwa vidole, mkuu wa Tabata. Mmoja huu ulikuwa na 2006 ndani yake na 2007 ndani yake.

#12 Mdau wa Tabata

Nimesoma yote. Sifuti nilichoandika kuhusu Duncan, lakini hiyo 24 kwa 24 sikuwa naijua. Naitafuta leo.

#13 Mdau wa Nairobi

Wadau, mmesahau jambo moja na sisi huku hatuwezi kulisahau. Dirk ni shemeji yetu! Mkewe Jessica mama yake ni Mkenya, baba Msweden. Walifunga ndoa 2012 na kukafanywa pia sherehe ya kimila ya Kikenya, mzungu wa mita mbili na ushee amevishwa mavazi ya kwetu. Ndugu zake Jessica ni wale mapacha wa mpira wa miguu, Martin na Marcus Olsson. Martin mlimwona Ligi Kuu ya Uingereza na Blackburn, Norwich na Swansea. Na binti yao wa kwanza walimpa jina la Kiswahili kabisa, ambalo kila mtu humu angelielewa bila kuuliza.

#14 Mleta uzi

Shemeji wa Afrika Mashariki nzima basi, tusigombane mpakani. Na aliwahi kufika bara letu kucheza: Agosti 2017, Johannesburg, mechi ya NBA barani Afrika.

Nimalizie kazi yake kwa haraka, maana baada ya 2011 ligi ilimwonyesha ukatili wake wa kawaida. Chandler aliondoka, timu ikazeeka, hawakushinda tena hata raundi moja ya mtoano akiwa na jezi. Angeweza kuondoka. Mwaka 2014 Lakers na Houston walimwekea mezani mkataba wa karibu dola milioni 97. Akasaini Dallas kwa milioni 25, miaka mitatu, ili klabu ipate nafasi ya kusajili wengine. Kuna watu wanasema alikuwa tajiri tayari, haikumgharimu. Milioni sabini inamgharimu mtu yeyote.

Timu ya taifa nayo hakuikimbia, na hilo Wajerumani hawamsahaulii. 2002 Indianapolis, shaba ya dunia, yeye mchezaji bora wa mashindano. 2005 Belgrade, fedha ya Ulaya, tena yeye mchezaji bora. Waliposhinda nafasi ya mwisho ya Olimpiki ya 2008 pale Athens alitokwa machozi uwanjani, na Beijing akabeba bendera. Mechi yake ya mwisho ya taifa ilikuwa Berlin 2015, wakafungwa na Uhispania kwa pointi moja. Ujerumani ilipochukua ubingwa wa dunia Manila mwaka 2023, wale kina Schröder ni watoto waliokua wakiamka usiku kumtazama.

Tarehe 7 Machi 2017 alivuka pointi 30,000. Alimaliza na 31,560, na hakuna aliyecheza misimu 21 na klabu moja kabla yake. Usiku wa mwisho Dallas, 9 Aprili 2019, vifundo vya miguu vimekwisha kabisa, anakimbia kama mtu anayepita kwenye kokoto, alifunga pointi 10 za kwanza za timu na akamaliza na 30. Baada ya mechi wakaitwa katikati watu aliowapenda utotoni: Bird, Pippen, Barkley, Kemp, na Detlef Schrempf. Huyo Schrempf ni Mjerumani aliyemtangulia, na alichaguliwa na Dallas hiyo hiyo mwaka 1985, ila klabu haikumpa muda ikamuuza Indiana, akaenda kung'ara huko. Dallas walijifunza. Kwa Dirk walisubiri.

Agosti 2023 aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa kikapu. Usiku huo huo aliingizwa na Wade.

#15 Mdau wa Dodoma

Shikamoo mleta uzi. Nina swali la kweli, si la kuchangamsha. Kijana wangu ana miaka 14, amefika sentimita 188, shuleni kocha kamweka chini ya ringi na kila akishuti anafokewa. Ameanza kuchukia mchezo. Nifanyeje?

#16 Mleta uzi

Marahaba ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara tatu.

Usimgombanishe na kocha wake. Shuleni afanye anachoambiwa, ribaundi nazo ni za kujua. Shuti alitafutie muda wake nje ya hapo, kama Dirk alivyolipata nje ya timu.

Aanze karibu, mita moja na nusu kutoka kwenye ringi, mkono mmoja tu. Miguu iwe upana wa mabega, magoti yalegee, mpira ukae kwenye vidole na kiganja kisiuguse. Aurushe juu kuliko anavyodhani inahitajika, ukumbuke ile sentimita 22 na nusu. Asihesabu zilizoingia kwanza, aangalie kama mpira umetua kati bila kugonga chuma. Zikipatikana kumi za namna hiyo anarudi nyuma hatua moja. Akianza kutumia nguvu za mabega ujue ameenda mbali mno, mrudishe. Mwezi wa kwanza asiuone mstari wa pointi tatu.

Na awe na mtu wa kumrudishia mpira. Mtoto akikimbilia mpira mwenyewe anachoka miguu kabla mkono haujajifunza. Kwa Dirk alikuwa ni mzee Geschwindner. Kwako nadhani ni wewe.

Mimi niko Dodoma kikazi hadi mwisho wa mwezi huu. Niandikie faragha uniambie mko upande gani. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, nitakuja na mpira wangu tumwone anavyosimama.